Atakayesimama Majina Yakisomwa

Barra de San Jacinto, Oaxaca
Jumatatu, 16 Desemba 2002

Chencho mdogo wangu,

Kuanzia tarehe mosi Januari mimi ni tarishi wa kijiji. Aliyetangaza ni mwenyekiti, Mzee Wulfrano, jana baada ya misa, mbele ya mkutano mkuu, na hakuna aliyepinga isipokuwa mimi.

Sasa salamu. Mimi mzima, nimekonda kidogo kwa joto. Nyumba ya mama bado imara. Paa la makuti upande wa jikoni nimelibadilisha. Popo wamehama, nge bado. Mpapai alioupenda umekufa lakini mindimu yote mitatu inazaa. Jirani yetu Bi Eufrosina anakusalimu, na anauliza kama huko kaskazini bado una meno.

Ilikuwa hivi. Tulikutana katika ukumbi wa shule, wanaume mabenchi ya kulia, wanawake kushoto, kama zamani. Katibu alikuwa akisoma majina ya wanaostahili kupewa kazi za mwaka ujao. Mimi nilikuwa na swali. Mlango wa hori umezibwa na mchanga tangu Agosti, maji yananuka, kamba hawaingii kutoka baharini, na hakuna aliyelitaja jambo hilo. Nikafanya nilichofanya katika kila mkutano nilioandikia gazeti: nikasimama. Ukumbi mzima ukapiga makofi.

"Mheshimiwa mwenyekiti, nina swali," nikasema.

"Utauliza ukiwa na fimbo ya utarishi mkononi," akajibu. "Katibu, mwandike."

Nilikuwa nimesahau, Chencho. Niliondoka hapa nina miaka kumi na tisa, na enzi zile wasichana hawakuitwa. Majina yakisomwa, anayesimama amekubali. Nikaeleza kwamba sikukubali, nilikuwa nauliza. Mtu mmoja nyuma akasema, "Amekubali kwa ufasaha!" na ukumbi ukaangua kicheko.

Kazi yenyewe unaijua. Kufagia uwanja wa ofisi, kupiga kengele, kupeleka wito nyumba kwa nyumba, kufukuza ng'ombe makaburini, kuwafungia walevi mpaka pombe iwatoke. Hailipwi. Ni ngazi ya chini kabisa. Vijana huianza wakitimiza miaka kumi na minane. Mimi nina sitini na moja. Mkuu wetu sisi matarishi ni Nabor, yule wa ukoo wa wachonga mitumbwi, ana miaka kama thelathini. Alinisubiri nje. "Shangazi," akasema, "ufagio nitakutafutia wenye mpini mrefu, usije ukavunjika kiuno serikali ikalaumiwa." Nilicheka, kwa kuwa ilichekesha.

Ningeweza kung'ang'ania nikaachiwa. Sikung'ang'ania, kwa sababu Mzee Wulfrano alinieleza sheria ambayo nayo nilikuwa nimeisahau: asiyehudumia kijiji hata mwaka mmoja hana haki ya kiwanja, ya maji, wala ya kaburi. Nimekuja kukaa. Sina pengine.

Jambo moja zaidi. Nilipokuwa naaga, aliniambia, "Mtoto mmoja wa Noyola amesimama. Bado mmoja." Nikamuuliza ana maana gani. Akasema nikuulize wewe. Nakuuliza.

Dada yako,
Obdulia


Oxnard, California
26 Januari 2003

Dada Obdulia,

Kwanza salamu, halafu habari. Ndivyo mama alivyotufundisha kabla gazeti halijakuharibu. Natumaini barua hii inakukuta na afya, ufagio mkononi. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Yesenia binti yangu bado yuko kwenye kiwanda cha kufungasha mboga, na wajukuu wanakua hadi suruali zinawakimbia. Mkubwa ananijibu kwa Kiingereza nikimkemea, ili nisijue kama ameomba radhi au amenitukana. Stroberi mwaka huu zimechelewa kwa baridi. Mimi siku hizi siinami shambani; wamenipa kiti, napanga makasha. Cheo kikubwa kuliko chako.

Barua yako nimeisoma mezani kwa sauti. Yesenia amecheka hadi machozi. Shangazi yake, aliyewahi kumhoji gavana, sasa anafukuza ng'ombe! Usikasirike. Kama ni wa kwanza kuwahi kukamatwa na mkutano ule kwa kuuliza swali, basi angalau umeingia katika historia.

Kuhusu aliyosema Mzee Wulfrano: yule anauza barafu, na maneno yake ni kama bidhaa yake. Yaache juani yayeyuke.

Lakini na wewe kuna jambo hujaniambia. Ulikuwa na nyumba kule mpakani, una marafiki, una jina. Unasema uliondoka kwa sababu gazeti lilifungwa. Gazeti lilifungwa Juni. Wewe uliondoka Mei. Mimi sikusoma sana, ila miezi naijua.

Lile eneo kando ya kaburi la mama, upande wa mkungu, bado liko wazi, au wameshamweka mtu? Nauliza tu.

Mdogo wako akupendaye,
Chencho


Barra de San Jacinto
3 Machi 2003

Chencho,

Abundio Sorroza amezikwa Jumamosi tarehe 22 Februari nje ya uzio wa makaburi, kando ya barabara. Uamuzi ulikuwa wa mwenyekiti na baraza lake. Aliyesimama langoni na fimbo kuwazuia wafiwa ni mimi.

Salamu zije sasa, sikuweza kuzitanguliza. Niko salama. Goti la kulia linavimba jioni, Bi Eufrosina ananikandia majani ya mwarobaini na kunisimanga kwa malipo. "Mtoto wa shule wewe," ananiambia, "ulienda mbali kote huko ukasome jinsi ya kushika ufagio." Nimepanda ufuta nyuma ya nyumba. Nimefunga bembea ya kulalia ya mama pale pale ilipokuwa, nikijiahidi kwamba mwisho wa mwaka nikirudisha fimbo nitalala humo hadi Pasaka.

Abundio utamkumbuka, yule aliyekuwa mpiga mbizi. Aliondoka kwenda kaskazini kabla yako. Alirudi ndani ya sanduku, na dada yake Remedios alikuwa ameshachimba kaburi karibu na baba yao. Baraza likatoa wito, mimi nikaupeleka: Abundio hakuhudumu hata mwaka mmoja, wala hakuna aliyehudumu kwa niaba yake. Kaburi lifukiwe.

Walikuja hata hivyo, na bendi, saa tisa, jua likiwa bado kali. Nabor alinipanga langoni kwa kuwa, alivyosema, mwanamke hawatampiga.

"Obdulia," Remedios akaniambia, "mimi na wewe tuliimba kwaya moja. Nipishe."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Nikikupisha, kesho watamfukua."

Hilo lilikuwa kweli, lakini halikuwa jibu la swali lake, na wote wawili tulijua. Bendi ikaacha kupiga. Waliliweka sanduku chini, kwenye majani, vijana wakaanza kuchimba pale pale kando ya barabara. Ardhi ya pale ni changarawe. Lori la ndimu likapita, dereva akavua kofia. Nilibaki langoni mpaka walipomaliza, kwa sababu ndiyo kazi niliyopewa. Kisha nikaenda kuwafukuza ng'ombe.

Umeniuliza kuhusu eneo la kando ya mama. Liko wazi. Linamtosha mtu mmoja. Lakini wewe huwa "huulizi tu", Chencho. Kwa nini umeuliza?

Swali lako la Mei na Juni nimelisoma. Tuendelee.

Obdulia


Oxnard
18 Mei 2003

Dada,

Salamu nyingi. Huku tuko hivyo hivyo. Samahani kwa kuchelewa. Mwandiko huu ni wa Yesenia, mimi nasema yeye anaandika, kwa kuwa mkono umechoka na makasha.

Barua yako imekaa mezani muda mrefu. Abundio alinipokea mimi huku. Nilipofika sina viatu wala namba ya simu ya mtu, alinilaza sakafuni kwake msimu mzima. Wewe umesimama langoni na fimbo ukamwacha akazikwa kama mbwa aliyegongwa na gari. Ulikuwa unaandika dhidi ya watu wa namna hiyo. Nakumbuka. Nilikuwa naonyesha watu makala zako.

Usijisumbue tena na mambo ya makaburi. Wala usiulize uliza. Watoto wanakusalimu.

Crescencio

(Shangazi, mimi Yesenia. Amenikataza nisiongeze kitu. Kwa hiyo siongezi.)


Barra de San Jacinto
22 Juni 2003

Mdogo wangu,

Mlango wa hori umefunguliwa. Tumeuchimba kwa msaragambo juzi baada ya mvua kubwa, kijiji kizima na majembe, na mwenyekiti amesema kamba wataingia kabla ya mwezi kwisha.

Nakusalimu, na Yesenia namsalimu mara mbili. Natumaini mkono umepona. Mimi nilipiga kengele kabla jua halijachomoza, nikapita nyumba kwa nyumba kuita watu. Mlevi wetu mkuu, Chano, alinijibu kutoka dirishani, "Mama tarishi, mimi ni mgonjwa!" Nikamwambia mgonjwa hulala, hapigi gitaa. Akaja na jembe. Mchanga ulipokatika, maji yalikwenda kwa kishindo, watoto wakapiga mayowe, na mimi niliyekamatwa kwa kuuliza swali hili nilikuwa ndani ya tope hadi mapajani. Nilifurahi. Naliandika kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa yafuatayo si ya kufurahisha.

Umenihukumu kuhusu Abundio. Sipingi. Ningekuwa bado mwandishi ningeandika hukumu hiyo hiyo. Lakini mwandishi huondoka baada ya mazishi, mimi nakaa. Kila asubuhi nikienda ofisini napita kaburini kwake. Remedios hunigeuzia mgongo dukani. Nimeyachagua haya nikiwa na macho mawili.

Wiki iliyopita nilikuwa namsaidia Bi Eufrosina kusafisha kome za kutia ndani ya tamali za unga wa mahindi. Nikamuuliza maana ya maneno ya Mzee Wulfrano. Akaacha kisu.

"Kwani hujui?" akasema. "Kila Desemba katibu anasoma: Crescencio Noyola Carmona. Kimya. Mama yenu anaangalia mikono yake. Anasoma tena. Kimya. Mara ya tatu mama yenu anasema, 'Hayupo.' Kila mwaka, bibi wee. Ule wa mwisho hakuweza kutoka kitandani, akanituma mimi niseme. Nikasema."

"Mbona hakuniandikia?"

"Akuandikie nini? Kwamba mwanawe anaitwa?"

Basi hilo nimelijua. Sasa sikiliza. Mimi nimefanya kazi ya kuuliza maisha yangu yote, na mtu anayeuliza kuhusu kaburi mwezi wa Januari, akakasirika Mei, na katikati akaacha kuandika kwa mkono wake, ana jambo. Mtu anayepewa kiti shambani ana jambo. Nakupa ukweli mmoja, nawe unipe mmoja.

Wangu huu. Aprili mwaka jana niliandika habari fupi, ya ukurasa wa ndani, kuhusu gari lililokutwa mtoni. Mei, watu ambao habari ile iliwaudhi waliweka mfuko mlangoni kwangu. Sitasema ulikuwa na nini. Mhariri alishauri nipumzike. Nilipanda basi siku ile ile, funguo nikamwachia mpangaji wa chini. Gazeti lilipofungwa Juni niliwaambia watu kwamba ndiyo sababu, maana ilikuwa sababu fupi. Bado nikisikia pikipiki ikisimama nje naacha ninachofanya. Hapa pikipiki ni ya muuza mikate.

Sasa wako.

Obdulia


Oxnard
7 Septemba 2003

Dada Obdulia,

Nakusalimu kwa mkono wangu mwenyewe, uone. Yesenia mzima, watoto wamerudi shule.

Julai wamenikata mguu. Wa kushoto, chini kidogo ya goti. Ni kisukari. Kilianza na kidonda cha kidole mwaka jana, nikakitia limau na chumvi kama baba alivyokuwa anafanya, nikaendelea na kazi. Ndiyo maana ya kiti. Mei nilipokuandikia barua ile nilikuwa na homa, sikuweza kushika kalamu. Daktari anasema figo nazo haziko sawa. Anasema kwa upole sana, kwa hiyo najua.

Niliuliza kuhusu kaburi kwa kuwa nilitaka kujua kama kuna mahali. Nilipopata habari ya Abundio nilijua hakuna. Hasira ilikuwa ya hapo. Wewe ulisimama karibu tu.

Kuhusu mama. Nilikuwa najua jina langu linasomwa. Aliniambia mara moja kwenye simu, ile ya dukani, kijiji kizima kikisikiliza kwenye foleni. Alisema, "Wanakuita, mwanangu," nikasema, "Mwakani." Kwa nini sikwenda hata mwaka mmoja, sitaandika. Nimejaribu mara tatu na karatasi nimezichana.

Nataka kurudi nyumbani, Dada. Lakini angalia: mimi sina karatasi za kukaa huku. Nikivuka kuja huko, sivuki tena kurudi. Wajukuu nitakuwa nimewaaga. Yesenia hataki hata kusikia. Ameficha mkongojo mmoja, anadhani sijui ulipo.

Najua unachowaza, maana wewe ukiona mlango uliofungwa unausukuma. Usihudumu kwa niaba yangu. Goti lako linavimba. Una bembea inakungoja. Wewe goti, mimi mguu. Punda wa baba alikuwa mzima kuliko sisi. Nakukataza.

Mdogo wako,
Chencho


Barra de San Jacinto
12 Oktoba 2003

Chencho,

Mwenyekiti amesema jina lako litasomwa tena Desemba, kama kila mwaka, na kwamba yeye hatatoa ahadi yoyote kabla ya mkutano. Alisema hivyo Alhamisi, akiwa anapasua barafu.

Salamu. Barua yako nilipewa na Nabor, nikaisomea makaburini, nimeketi kwenye ukuta, ng'ombe wakala maua ya ukoo wa mama, akina Carmona wote. Nimeshtakiwa kwa hilo. Kulia nililia, nalitaja mara moja, limekwisha.

Umenikataza. Nimesikia. Kisha nikaenda kwa Mzee Wulfrano. Alikuwa kiwandani kwake, aproni ya mpira kifuani, shoka mkononi. Nabor alikuwa anapakia mabonge kwenye toroli.

Nikauliza, "Mtu aliyeitwa akiwa mbali, ndugu yake anaweza kumfanyia kazi?"

"Anaweza kumfanyia kazi. Hawezi kumsimamia. Aliyeitwa asimame mwenyewe, ukumbini, watu wamwone. Baada ya hapo, nani anafagia na nani hafagii, ni shauri la nyumba yao."

"Abundio je?"

"Abundio hakusimama."

"Akiwa mgonjwa?"

"Mama yako alikuwa na miaka themanini na alikuwa anakuja kusema hayupo."

Nikamwambia kuhusu mguu. Alipasua bonge, akalipasua tena. Nabor ndiye aliyezungumza.

"Tarishi wa mguu mmoja? Shangazi, ng'ombe watatucheka. Wa mwaka huu bibi, wa mwakani kiwete. Vijiji vingine vina askari."

"Nyamaza, Nabor," Mzee Wulfrano akasema. "Sheria inasema asimame. Haikusema kwa miguu mingapi."

"Basi utamkubali?" nikauliza.

"Mimi sikubali mtu. Mkutano ndio unaokubali. Na wako wengi humo ambao wana makaburi ya ndugu zao kando ya barabara. Watauliza kwa nini Noyola aingie na wa kwao alikaa nje. Remedios atakuwa benchi la mbele." Akafuta shoka kwa aproni. "Mimi mwenyewe sijui nitanyoosha mkono upi."

Nilikwenda pia kwa Remedios. Nilisimama uani kwake, hakunikaribisha. Nikamweleza nia yangu, kwa kuwa afadhali aisikie kwangu. Aliendelea kuanika nguo. Mwishoni akasema, "Kaka yangu alimlaza kaka yako sakafuni kwake." Nikasema najua. "Basi," akasema, "mwambie aje aniangalie usoni akisimama." Hakusema kama atanyoosha mkono. Nimekuandikia alivyosema, bila kuongeza.

Hospitali iliyo karibu ni mwendo wa saa mbili kwa gari, na mashine za figo hawana. Nimeuliza. Ulijue hilo kabla hujaamua, na Yesenia alijue.

Obdulia


Oxnard
9 Novemba 2003

Dada,

Salamu. Wiki iliyopita ilikuwa Siku ya Wafu, Yesenia alimwekea mama mishumaa na tamali juu ya friji, maana mwenye nyumba haruhusu moto sakafuni. Mjukuu mdogo akauliza kama bibi atapanda ngazi mwenyewe.

Nimemsomea Yesenia barua yako, pamoja na hospitali. Alitoka akakaa ndani ya gari muda mrefu. Aliporudi alisema, "Baba, huku una daktari na sisi. Kule una nini?" Nikamwambia kule naitwa. Akasema huko si kuitwa, ni kudaiwa. Huenda ana haki. Amechukua akili yako, ya kuuliza.

Sijaamua. Nakuandikia ukweli. Usiku naamua kuja, asubuhi mjukuu ananiletea kiatu kimoja, ananifunga kamba, naamua kubaki.

Mguu wa bandia nimepewa. Ni mzito, unanichubua. Nimejaribu kusimama bila kushika meza. Nasimama. Si kwa muda mrefu.

Nikija, nitashuka kwenye basi la kutoka Pinotepa Jumamosi tarehe 13 Desemba. Usipoona mtu akishuka, nenda nyumbani ukalale, na kesho yake ukienda mkutanoni, wakisoma jina langu, usiseme hayupo. Mwache katibu asome mara tatu akae. Neno hilo mama alishalisema vya kutosha.

Chencho


Barra de San Jacinto
23 Novemba 2003

Mdogo wangu Chencho,

Mkutano mkuu umethibitishwa kuwa Jumapili tarehe 14 Desemba, saa nne asubuhi, baada ya misa. Tangazo nimelibandika mimi mwenyewe kwenye mlango wa ofisi.

Salamu kwako, kwa Yesenia na kwa watoto. Yesenia simwambii kitu. Nimemwandikia barua yake peke yake. Ufuta nimeuvuna. Kamba wameingia kwa wingi, Bi Eufrosina ameanika mikeka mitatu na anasema atakuhifadhia kama meno yapo. Mimi fimbo nitairudisha tarehe 31 Desemba, na haki yangu ya nyumba na kaburi itaandikwa kwa jina langu. Hiyo imekwisha, hakuna wa kuiondoa.

Barua hii huenda isikukute. Inachukua wiki tatu, na zimebaki tatu. Naiandika hata hivyo.

Nimezungumza na watu. Wengine wamesema ndiyo, wengine wamesema hapana, wengi wamesema "tutaona", ambalo hapa ndilo jibu la hapana la watu wenye adabu. Nimekuwa nikihesabu kura maisha yangu yote, na hizi sizijui. Siwezi kukuahidi chochote. Unaweza kuvuka, ukawapoteza wajukuu, ukasimama, na mkutano ukakataa. Ukikataliwa utakaa kwangu, kwenye haki yangu. Nimeuliza baraza kama kaburi langu linaweza kumpokea mtu mwingine. Wamesema hakuna aliyewahi kuuliza. Nimewaambia waandike kwamba sasa ameuliza mtu.

Ulinikataza kuhudumu kwa niaba yako. Katazo lako nimelifikiria kwa heshima zote, na limekataliwa. Bembea nimeifungua, nimeiosha, nimeifunga chumba cha mbele, ambako upepo wa bahari unafika. Ni yako. Mpini wa ufagio Nabor ameubadilisha bila kuombwa, ameweka mpya. Alipoona namtazama akasema, "Sijasema kitu, shangazi. Ule wa zamani ulikuwa umeliwa na mchwa."

Benchi nimeliomba la karibu na mlango, la upande wa wanaume. Remedios atakuwa mbele. Katibu husoma kwa mpangilio wa mitaa, na mtaa wetu ni wa tatu, kwa hiyo utapata nafasi ya kupumzisha mguu. Akisoma jina lako mara ya kwanza, usiharakishe. Hata mara ya pili. Mimi nitakuwa nimesimama nyuma yako na fimbo, kwa kuwa siku hiyo bado ni tarishi na kazi yangu ni kulinda mlango. Mtu akiniambia nisikushike kwapa, nitamwambia nalinda mlango.

Kusimama utasimama wewe. Kutembea nitatembea mimi, mwaka mzima.

Basi la kutoka Pinotepa hufika saa kumi na moja jioni, Jumamosi tarehe 13. Nitakuwa kituoni tangu saa kumi.

Dada yako,
Obdulia